Bastola ya Pili na Ukurasa wa Tatu

Plum Hollow, Missouri
9 Septemba

Mpwa wangu Deanne,

Marahaba. Najua ungeanza kwa shikamoo kama ungewahi siku moja kuandika wewe kwanza. Sisi huku wazima. Mvua imegoma tangu Julai, na bwawa la ng'ombe limebaki kama sahani ambayo mtu ameshakunywa supu yake. Goti la Anti yako Oleta linatabiri mvua kila Jumanne na kila Jumanne linatudanganya. Amevuna maharage mabichi na kuyafunga kwenye chupa sitini na mbili. Stoo ya jikoni haina tena nafasi ya panya, hata awe mwembamba. Anakusalimu sana, na anauliza kama mwanao Kaylin bado anakua au ameshasimama.

Masikio yangu ni yale yale. Simu ikilia najua kwa kuwa mbwa anainuka. Kwa hiyo usipige, andika. Enzi zetu tulipokuwa tukilenga shabaha tuliziba masikio kwa vichungi vya sigara, na aliyelalamika kwamba haitoshi aliambiwa avute zaidi.

Sasa jambo lenyewe. Nataka bastola ya pili.

Rivolva yangu, ile ya silinda inayozunguka, siiachi. Nimeibeba kiunoni miaka thelathini na minane, kanisani, mnadani na kwenye harusi yako. Lakini ni nzito, inavuta suruali chini, na mzee wa miaka sabini na moja hana tena makalio ya kuishikilia. Nataka kitu chembamba, cha magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, cha kuvaa chini ya shati siku za joto. Hakuna sababu nyingine. Wewe unauza vitu hivyo mchana kutwa na Jumamosi unafundisha wengine kuvitumia. Nichagulie. Hapa mjini siwezi kuulizauliza. Mimi ni msimamizi wa usalama wa klabu yetu ya shabaha, mwaka wa ishirini na mbili huu, na watu wamezoea kuniuliza mimi.

Mjomba wako,
Verlin


Tucson, Arizona
20 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kaunta, na nilipofika katikati nikakaa. Mteja mmoja nimempa chenji ya mwenzake. Wewe, Mjomba? Wewe uliyesema mbele ya ukoo mzima, mkononi umeshika paja la bata mzinga, kwamba mwanamume mwenye bastola mbili hajui kutumia hata moja? Nimeshtuka kiasi kwamba nimeitazama sahihi mara mbili nione kama kuna mtu anaiga mwandiko wako.

Sisi wazima. Joto limekataa kuondoka. Kaylin ameacha kukua ila amepata leseni ya udereva, na sasa nasali kuliko mchungaji. Msalimie sana Anti Oleta. Je, kaka yake Harlan alikuja siku yake ya kuzaliwa, au bado?

Haya, bastola. Kwanza, isiwe nyepesi mno. Bastola nyepesi ni tamu kubeba na chungu kufyatua. Mtu anaifyatua mara ishirini, kiganja kinawaka, anairudisha kwenye ala na hailengi tena mpaka mwaka mpya. Pili, ikae kiunoni pale pale ilipokaa ile ya kwanza, maana mkono ukishtuka hauulizi njia, unakwenda ulikozoea. Tatu, usinunue kwa macho. Tafuta uwanja wanaokodisha, ifyatue risasi hamsini, halafu kagua mikono yako kabla hujaikagua karatasi ya shabaha. Nimekuandikia jina la moja kwenye kijikaratasi hiki. Ndiyo ningeibeba mimi kama ningekuwa wewe na malalamiko yako ni uzito tu.

La mwisho ni lile wanafunzi wangu hawapendi kulisikia. Bastola ya pili ni kama ng'ombe wa pili, nayo inataka kukamuliwa. Ukiibeba bila kuifanyia mazoezi, umebeba chuma tu. Wananiuliza, mwalimu, tufanyeje tusichoke? Nawaambia dakika kumi kila siku nyumbani, bunduki tupu, risasi zikae chumba kingine, na ukuta unaoulenga usiwe na mtu nyuma yake. Na mtu awe na mwenzake wa kumcheka. Anayefanya peke yake huchoka wiki ya tatu.

Mpwa wako,
Deanne


Plum Hollow
14 Oktoba

Mpwa wangu,

Tunashukuru Mungu. Mvua imekuja yote kwa siku moja, ikachukua na kibanda cha kuku. Kuku wenyewe wamehamia kwenye trekta na wanaonekana kuridhika. Anti yako anakusalimu, na anasema mpe Kaylin pole ya kuwa na mama mwenye hofu.

Barua yako imefika ikiwa na ukurasa wa kwanza, wa pili na wa nne. Sijui hesabu mlifundishwa shule gani huko jangwani, lakini sisi huku baada ya mbili tunasema tatu.

Nimeinunua ile uliyoandika. Dola mia nne na tisini, na mwenye duka akanipa kofia ambayo sikuiomba. Niliijaribu risasi hamsini kama ulivyoagiza. Mikono haikulalamika. Tuseme hivyo.

Swali lako juu ya Harlan nimeliona.

Kuhusu mazoezi nitakwambia jambo ambalo usimwambie mtu. Klabu naenda kila Alhamisi, nakaa kwenye kiti changu cha msimamizi, beji kifuani, nawakaripia watu vidole vyao vinavyowahi kwenye kifyatulio. Lakini mimi mwenyewe kufyatua, mwaka huu ni mara mbili. Mwaka jana sikumbuki. Zamani nilikuwa na mwenzangu wa kunicheka, na hayo yamepita. Mtu akishakuwa mwamuzi anasahau kwamba zamani alikuwa mchezaji, na hakuna anayethubutu kumkumbusha.

Basi nimeanza upya kwa dakika zako kumi. Kila siku saa kumi alasiri nasimama jikoni na bastola mpya, tupu, nalenga alama niliyochora kwenye mlango wa stoo. Usiogope, nyuma ya mlango kuna chupa sitini na mbili za maharage, zinaweza kuzuia hata treni. Nikimaliza natamka kwa sauti, "Zoezi limekwisha," ndipo naijaza. Ni desturi yangu niliyowafundisha wote klabuni, ili mkono usijidanganye kwamba bado kuna raundi moja. Oleta anasema kwa kuwa mimi ni kiziwi, nalitamka kama mnadi wa ng'ombe, na majirani sasa wanajua saa kwa sauti yangu.

Nasikia raha, Deanne. Sikutegemea.

Verlin


Tucson
2 Novemba

Shikamoo Mjomba,

Huku wazima. Joto limeondoka, na watalii wamekuja kuchukua nafasi yake. Kaylin amegonga pipa la taka la jirani. Pipa linaendelea vizuri.

Nimecheka juu ya ukurasa. Ni makosa ya kuandika namba tu, usijali.

Nina ombi dogo. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu nina darasa la watu waliozoea rivolva na sasa wanahamia bastola za magazini. Hebu niandikie wewe hatua zako moja moja, unavyoitoa risasi kabla ya zoezi. Unaanza na nini, unafuata nini, unatazama wapi. Nitawasomea, niwaambie haya yametoka kwa msimamizi wa miaka ishirini na mbili. Niandikie upesi ukiweza, Mjomba. Hata kadi tu inatosha.

Salamu nyingi kwa Anti Oleta.

Deanne


Plum Hollow
30 Novemba

Mpwa wangu,

Natumaini hamjambo. Baridi imeingia. Msimu wa kulungu umefunguliwa na nimepata wawili, mmoja dume mwenye pembe nane, mwingine mdogo. Nyama nimeigawa kanisani. Mvua imenyesha Jumapili na Jumatano. Na leo.

Sikukuu ya Shukrani imepita salama. Nilikula ya kutosha. Pai ya boga ya dukani si mbaya kama watu wanavyosema.

Mbwa mzima. Kuku bado wako kwenye trekta.

Kama unamjua mtu huko anayetafuta bastola nyembamba, haijatumika sana, nipe jina lake.

Verlin


Tucson
8 Desemba

Mjomba,

Nimeisoma barua yako mara nne. Ina kulungu wawili, mvua tatu, mbwa na kuku. Haina Anti Oleta. Miaka kumi na tano unaniandikia, hata alipofanyiwa upasuaji wa nyongo alinisalimu. Na pai ya dukani? Ndani ya nyumba yake? Nimepiga simu mara sita mchana, najua wewe husikii, lakini yeye anasikia. Iliita tu.

Hukunijibu juu ya hatua zako. Sasa nitakwambia mimi, maana usingizi umenikataa tangu nilipoipata barua hii, na ninaogopa ninachokifikiria.

Hakukuwa na makosa ya namba. Ukurasa wa tatu uliandikwa. Niliutoa kwenye bahasha posta, nikiwa tayari nimeulamba ulimi wa bahasha. Nikajiuliza, wewe Deanne, ndiye utakayemfundisha Verlin Maupin namna ya kutoa risasi kwenye bastola? Mtu aliyekushika mkono ukiwa na miaka tisa? Nikaona aibu. Nimekuwa nao kwenye droo ya kaunta tangu siku hiyo. Huu hapa, haujabadilishwa neno.

"Mjomba, usikasirike. Mikono yako ni ya rivolva. Miaka thelathini na minane imezoea kufungua, kuinamisha, risasi zote zinaanguka, umeziona, kwisha. Hii si hivyo. Ukitoa magazini, risasi moja inaweza kubaki juu kwenye chemba, nyuma ya mtutu, na ukiinamisha haianguki. Lazima uikoki, uvute kipande cha juu mpaka nyuma kabisa, utazame ndani, utie na kidole. Kichwa chako kinajua haya kuliko mimi. Mikono yako haijui. Kila mwanafunzi wangu wa rivolva hukosea hapa mara moja, na namwomba Mungu iwe mbele yangu, si nyumbani kwake."

Niambie Anti Oleta yuko wapi.

Deanne


Plum Hollow
20 Desemba

Deanne,

Yuko hai. Ningeanza na hilo ile barua nyingine kama ningekuwa mwanamume.

Ukurasa wako niliusoma nimesimama penye sanduku la barua, theluji ikinijaa shingoni, na sikumbuki nilivyoingia ndani. Kila neno lilikuwa sawa. Lakini usibebe peke yako, maana na mimi nilitoa ukurasa. Nilikwambia sababu ni uzito wa rivolva. Uongo. Sababu ni vidole gumba. Ni mwaka wa pili sasa haviwezi kuvuta nyundo ya rivolva bila kulia, na baridi ikianza haviwezi hata kufungua chupa ya maharage. Nilitaka bastola ambayo haitanidai gumba. Ungejua ungenichagulia nyingine, yenye kipande cha juu kilaini. Hiyo niliyonunua ni ngumu kukoki. Pale uwanjani mwenye duka ndiye aliyenikokia, nikajifanya natafuta miwani.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe tisa Novemba, saa kumi. Barua yako ya hatua moja moja ilifika Jumanne yake.

Nilitoa magazini, nikaiweka chumba kingine, kama inavyotakiwa. Halafu nikainamisha bastola, mtutu juu, kiganja chini, kama ninavyofanya maisha yangu yote. Hakuna kilichoanguka. Deanne, nilitazama kiganja kitupu na moyo wangu ukatulia kabisa. Kukoki sikukoki. Siku zote nilikuwa nakoki, kwa shida, kwa kuibana kwapani. Siku hiyo gumba liliuma nikasema, aa, magazini si imetoka? Maneno hayo nimewafukuzia watu klabuni.

Nikalenga alama ya mlango wa stoo.

Mlio hata mimi niliusikia.

Maharage hayazuii treni. Risasi ilivunja chupa tatu, ikapita ukuta wa nyuma, ikaingia chumba cha kufulia. Wakati nachora ile alama nilifikiria stoo tu, sikufikiria nyuma ya stoo. Oleta alikuwa anapiga pasi. Alikuwa ameinama kuchukua nguo kapuni. Shati langu la Jumapili lilikuwa juu ya ubao, na risasi ikapita kwenye mkono wa kushoto wa shati hilo, pale ambapo sekunde moja kabla kilikuwepo kifua cha Oleta.

Nilipofika mlangoni alikuwa amesimama. Hakupiga kelele, au alipiga sikusikia, sijathubutu kumwuliza. Alinitazama, akatazama bastola mkononi mwangu. Kisha akamalizia shati. Akaupiga pasi mkono wenye tundu na mkono usio na tundu, akalitundika, akachomoa pasi ukutani. Mimi nimesimama pale kama mwizi aliyesahau alichokuja kuiba. Alipokuwa anavaa koti akasema, karibu na sikio langu zima kidogo, ili nisiwe na kisingizio:

"Na Harlan ulimfanya nini?"

Akaendesha gari kwenda kwa Harlan, Cedar Bluff, maili arobaini. Yuko huko mpaka leo.

Ulikuwa bado hujaolewa mambo ya Harlan yalipotokea, na wakubwa hawakuwaambia. Yeye ndiye mwenzangu aliyekuwa akinicheka. Tulilenga pamoja kila Alhamisi miaka kumi na moja, tukishindania nani atanunua kahawa. Miaka kumi na tisa iliyopita, pale klabuni, alitoa magazini, hakutazama chemba, akafyatua. Risasi ikaingia kwenye benchi. Benchi, Deanne. Hakukuwa na mtu karibu. Mimi nikiwa msimamizi wa miaka mitatu tu nilisimama mbele ya watu arobaini, nikasoma kanuni kwa sauti, nikamvua beji yake ya uanachama. Aliniomba jambo moja tu, nimwachie mkutano ujao asimame aseme mwenyewe. Nikamwambia sheria haina shemeji. Watu wakapenda msemo huo, wakauchapa kwenye bango. Harlan hakurudi tena, na hajaingia nyumbani kwetu. Oleta hakuwahi kuliongelea. Alinipikia miaka kumi na tisa juu ya jambo hilo, nami nikadhani limekwisha.

Klabuni hawajui. Alhamisi iliyopita nilikwenda, nikakaa kwenye kiti changu chini ya lile bango, beji kifuani. Nikamkaripia mama mmoja kidole chake. Akanishukuru.

Verlin


Tucson
2 Januari

Mjomba,

Siwezi kuandika salamu. Nimejaribu.

Nililia kwanza kwa kuwa yu hai, halafu nikalia kwa hasira. Shati. Nalifikiria shati lile kila ninapofungua duka. Kama kapu lingekuwa juu ya kiti badala ya sakafuni, mimi leo ningekuwa muuaji wa Anti Oleta kwa sababu ya adabu.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya darasa langu, watu kumi na wanne, nikawasomea ukurasa wa tatu na nikawaambia kwa nini haukutumwa na nini kilitokea. Jina lako sikulitaja. Mama mmoja mzee akaniuliza kama nitaendelea kufundisha. Nikamwambia sijui. Akasema basi afadhali nimfundishe yeye kabla sijaamua.

Na wewe umekwenda kukaa chini ya bango? Kumkaripia mtu kidole? Mjomba, mimi nimekuheshimu maisha yangu yote, na heshima hiyo ndiyo iliyoutoa ukurasa kwenye bahasha, kwa hiyo leo naiweka kando dakika moja. Umenipa sababu ya kila kitu. Gumba, mlango, kiganja. Hujaniambia kama umekwenda Cedar Bluff. Ni maili arobaini. Kulungu uliwafuata mbali kuliko hapo.

Sitaki jibu mpaka uwe umekwenda.

Deanne


Plum Hollow
27 Februari

Mpwa wangu Deanne,

Salamu. Baridi inalegea, kuku wameshuka kwenye trekta. Msalimie Kaylin na mapipa yote ya mtaa wenu.

Umesubiri karibu miezi miwili na umefanya vizuri. Ungeniandikia katikati ningepata mahali pa kujificha.

Nilianza na klabu, kwa kuwa nilidhani ndiyo ngumu. Alhamisi ya kwanza ya mwezi huu nilisimama, nikawaeleza yote, na mkono wa shati, na gumba. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilitaka matusi. Mwenyekiti wetu Dub Haskett akaondoa kofia, akasema hata farasi mwenye miguu minne hujikwaa. Mwingine akasema kinachotakiwa ni moyo wa kukiri. Wakapiga kura niendelee na kazi, mikono yote juu, halafu wakanipigia makofi. Makofi, Deanne. Ule mlio wa jikoni haukunitetemesha kama makofi yale. Niliwatazama, nusu yao walikuwepo siku ya Harlan, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kukumbuka. Niliweka beji mezani karibu na birika la kahawa, nikashusha lile bango, nikatoka. Nyuma yangu mtu aliuliza kama nimekasirika.

Kesho yake nikaenda Cedar Bluff.

Harlan ana miaka sabini na minne sasa, na bado anajaza mlango. Alinitazama kutoka kofia mpaka viatu.

"Shemeji, umepotea njia?"

Nikamwambia hapana. Hakunikaribisha. Nikasema pale pale barazani, kofia mkononi, pua ikitiririka, kuanzia kiganja kitupu hadi makofi. Nikamwambia nilipomvua beji nilikuwa namwogopa, kwa kuwa alilenga vizuri kuliko mimi na wote walijua. Hilo sikuwa nimepanga kulisema. Lilitoka lenyewe.

Harlan akatoka mpaka kwenye nguzo ya baraza.

"Mimi nilikuomba unipe nafasi niseme mwenyewe," akasema. "Wewe wamekupa."

"Wamenipa."

"Na makofi juu."

"Na makofi juu."

Hapo akaanza kucheka. Hakikuwa kicheko kizuri. Alishika nguzo ya baraza, akacheka mpaka akafuta macho, nami nikasimama nikakipokea, maana kilikuwa kimenisubiri miaka kumi na tisa. Alipomaliza akasema, "Kesho saa nane njoo na hiyo bastola. Na vidole vyako hivyo vya bibi kizee, nivione." Akafunga mlango. Oleta sikumwona. Pazia la jikoni lilikuwa wazi kidogo.

Basi ndivyo nimekuwa nikifanya tangu siku hiyo. Kila siku, maili arobaini kwenda, arobaini kurudi. Bastola inasafiri ndani ya sanduku lenye kufuli, risasi zinabaki Plum Hollow. Rivolva pia imefungiwa, sibebi kitu kiunoni, na suruali inakaa vizuri. Harlan amenifundisha kukoki bila gumba. Unaibana bastola karibu na mbavu, mtutu kwenye kilima cha udongo, unashika kipande cha juu kwa kiganja kizima na kukisukuma kwa mwili, siyo kwa vidole. Miaka ishirini na mbili nawafundisha wengine na sikujua. Kisha anaamuru kama sajini: toa magazini, koki, tazama, tia kidole, nionyeshe. Mara thelathini. Nikikosea mpangilio tunaanza moja. Siku ya kwanza nilikosea kwenye ishirini na sita, akafurahi sana.

Nimekuwa mwanafunzi mbaya. Mkono bado unataka kuinamisha. Unaweza kuwasomea hilo watu wako wa Jumamosi. Nami naungana na yule mama mzee, usiache kufundisha.

Siku ya tano mlango wa nyuma ulifunguliwa, Oleta akatoka na bakuli la mbaazi za kumenya, akakaa barazani. Hakunisalimu. Nilipofika thelathini Harlan akasema imetosha. Oleta akaweka bakuli chini, akaja mpaka nilipo. Unajua hajawahi kugusa bunduki yangu hata moja, alisema anagusa nguo zinazonuka baruti, inamtosha. Akasema, "Nionyeshe." Nikakoki, nikazuia kipande cha juu nyuma, nikamwinamishia. Hakutazama. Aliingiza kidole chake kidogo kwenye chemba, akakizungusha taratibu kama anayetafuta mfupa wa samaki mdomoni mwa mtoto, akakitoa, akakipangusa kwenye aproni.

"Kesho tena," akasema, akarudi kwenye mbaazi.

Leo ilikuwa siku ya ishirini. Nyumbani hajarudi, na sijamwomba. Nimeziba tundu la stoo, la ukuta wa nyuma nimeliacha mpaka aseme mwenyewe lifanywe nini. Kila siku nikifika thelathini anakuja, anatia kidole, anaondoka. Lakini jana nilitangulia kutazama kabla ya kukoki, Harlan akafungua mdomo kunisahihisha, na Oleta akamwambia, bila kuinua macho kwenye bakuli lake, "Nyamaza wewe. Huyu namsahihisha mimi."

Tukaanza moja.

Mjomba wako,
Verlin